Maswali na majibu: Ni nani aliyeiambia seva yako kwamba ina prosesa hiyo?

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: programu imesema mashine ina kitu fulani, na mwenye mashine haamini, au ameamini mno. Kabla sijaanza kujibu, narudia ombi langu la kila mara. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye mwanga wa taa katikati na mistari mitatu isiyosomeka, haitoshi. Nakili maandishi yenyewe, taja amri uliyoiandika, na useme kama mashine ni yako unayoweza kuishika kwa mkono au ni ya kukodi.

Programu ya seva haina macho ya kuona kilichomo ndani ya kasha. Huuliza, na hujibiwa na prosesa yenyewe, au na BIOS (programu ya ubaoni inayoiwasha mashine), au na kerneli (moyo wa mfumo endeshi), au na mwenye mashine kubwa anayekukodishia kipande chake. Kauli za wasemaji hao wanne hazina uzito sawa, na nusu ya maswali yaliyo mezani yangekwisha mapema kama muulizaji angejua kwanza ni nani kati yao aliyesema.

Nimenunua seva iliyotumika. Jina la prosesa linasema 2.60GHz, lakini /proc/cpuinfo inaonyesha 1197 MHz. Je, nimeibiwa? (Msomaji wa Mwanjelwa, Mbeya)

Hapana. Mstari wa “cpu MHz” wa /proc/cpuinfo, faili la Linux lenye habari za prosesa, huonyesha mwendo wa wakati huo tu, nao hushuka mashine isipokuwa na kazi ili kuokoa umeme. Ipe kazi nzito, kisha usome tena. Swali hili nimekwisha kulijibu mara nyingi, na kwa kawaida muulizaji huwa ameshagombana na muuzaji kabla hajaniandikia.

Shikamoo mzee. Kampuni yetu ya mbao inataka kununua seva ya mtumba kwa ajili ya hesabu na stoo. Muuzaji ametutumia picha inayoonyesha jina la prosesa na RAM ya 64GB. Tuangalie nini zaidi? (Msomaji wa Mafinga)

Marahaba. Picha hiyo ni mwanzo wa mazungumzo, wala si sababu ya kutoa hela.

Tuanze na jina. Prosesa za jamii ya x86 (za Intel na AMD) zina amri iitwayo CPUID: programu huweka namba katika rejista (kijisanduku cha namba ndani ya prosesa), hutoa amri hiyo, na prosesa huijibu kwa kujaza rejista nne. Ukiuliza kwa namba sifuri, unapata herufi kumi na mbili za jina la mtengenezaji, yaani “GenuineIntel” au “AuthenticAMD”. Ukiuliza kwa namba tatu za mbele zaidi, unapata jina refu la biashara lisilozidi herufi 48, na hilo ndilo mnaloliona kwenye picha. Jina hilo refu ni maandishi tu. Kwenye prosesa nyingi za AMD, BIOS ndiyo huliandika wakati mashine inawaka, na penye BIOS iliyochezewa linaweza kuandikwa lolote. Jina la prosesa ni sawa na chapa ya gunia: mwenye shamba hanunui mbolea kwa kusoma gunia bila kulifungua.

Kwa hiyo endesheni lscpu, amri ya Linux ya kuorodhesha sifa za prosesa, na msome mistari ambayo watu huiruka: familia, modeli na toleo la prosesa, idadi ya viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja peke yake) kwa kila soketi, yaani nafasi ya kuchomekea prosesa, idadi ya nyuzi (mikondo ya kazi) kwa kila kiini, na ukubwa wa kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Namba hizo lazima zikubaliane na jina. Jina likisema prosesa ina viini kumi na viwili huku lscpu ikihesabu vinane, kuna jambo: ama kuna viini vilivyozimwa kwenye BIOS, ama jina ni la kubandika. Wauzaji wengine huhesabu nyuzi na kuziita viini, kisha husema mashine ya viini vinane ina “prosesa kumi na sita”. Huo ni uongo hata kama skrini inaonyesha 16. Nanyi mkiona jina lenye maneno “Genuine Intel CPU 0000”, mjue kwamba mbele yenu kuna sampuli ya majaribio, ambayo Intel huwapa watengenezaji wa mashine kabla bidhaa haijatoka na ambayo haikukusudiwa kuuzwa madukani. Huenda ikafanya kazi vizuri, lakini hakuna atakayewapa dhamana wala BIOS mpya inayoitambua.

Kuhusu RAM, amri ni dmidecode -t memory, nayo huhitaji haki za msimamizi. Hapa msemaji ni mwingine kabisa: dmidecode haiulizi vipande vya RAM, bali husoma jedwali la SMBIOS ambalo BIOS imeliandika. Ndiyo maana kwenye mbao mama (motherboard) za bei nafuu mtakutana na maneno kama “To Be Filled By O.E.M.”, kwa kuwa kiwandani hakuna aliyejali kujaza nafasi hiyo. Pamoja na udhaifu huo, kuna mistari miwili yenye thamani kubwa. Ikiwa “Total Width” ni biti 72 na “Data Width” ni biti 64, hiyo ni RAM yenye ECC, ambayo biti nane za ziada huiwezesha kugundua na kusahihisha makosa. Zikiwa 64 kwa 64, mnauziwa RAM ya kompyuta ya mezani ndani ya kasha la seva. Kwa vitabu vya hesabu vya kampuni, mimi singekubali.

Diski ndizo zenye udanganyifu mwingi zaidi. Mashine ikiwa na kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa ziwe kama moja, mfumo endeshi hauzioni diski zenyewe; huona diski moja kubwa ya kubuni yenye jina la kadi. Muuzaji akiwaonyesha diski hiyo na kusema kila kitu ni kizima, bado hajawaonyesha kitu. Tumieni smartctl, amri inayosoma afya ya diski, pamoja na kigezo cha kuipita kadi, kwa mfano -d megaraid ikifuatwa na namba ya diski kwa kadi za jamii hiyo, kisha msome saa ilizowaka. Mwaka una saa 8,760. Diski yenye saa 50,000 imekuwa macho kwa zaidi ya miaka mitano na nusu. Tazameni pia idadi ya sehemu zilizohamishwa kwa sababu ya ubovu.

Mwisho, kama seva ina kompyuta ndogo ya usimamizi iliyo kwenye ubao, yaani BMC, endesheni ipmitool sel list. Hiyo ni kumbukumbu ya matukio: umeme kukatika, feni kufa, joto kupanda, RAM kukosea. Wauzaji hukumbuka kufuta diski na kusahau kufuta hiyo. Nendeni na flashi yenu yenye Linux, wakati wa mchana, endesheni amri hizi kwa mikono yenu wenyewe, na malipo yafuate baadaye. Muuzaji anayekataa flashi yenu amekwisha kuwajibu.

Nimechomeka vipande vinne vya RAM, seva inaona viwili. Nafasi mbili zimekufa? (Msomaji wa Makambako)

Pengine seva yako ina soketi mbili na umeweka prosesa moja. Nafasi za RAM zilizo upande wa soketi tupu huendeshwa na prosesa ambayo haipo, kwa hiyo hakuna wa kuzisoma. Hamishia vipande vyote upande wenye prosesa, kwa mpangilio uliochorwa ndani ya kifuniko cha kasha.

Ninasoma chuo hapa Iringa. MongoDB inakataa kuwaka kwenye mashine pepe yetu na inaandika “Illegal instruction”. Nimeisakinisha upya lakini tatizo ni lile lile. (Mwanafunzi, Iringa)

Mwanangu, kusakinisha upya hakubadilishi prosesa. Maneno hayo maana yake ni kwamba programu imetoa amri ambayo prosesa haiijui, na kerneli ikaiua papo hapo. Kuanzia toleo la 5.0, hifadhidata ya MongoDB kwenye x86 inahitaji AVX, kundi la amri lililoingia sokoni mwaka 2011 kwa prosesa za Intel za kizazi cha Sandy Bridge na za AMD za kizazi cha Bulldozer. Andika grep -m1 -o -w avx /proc/cpuinfo. Isipoandika chochote, umepata jibu.

Lakini usikimbilie kuilaumu mashine ya chuo, kwa sababu umesema ni mashine pepe, yaani mashine ya kubuni inayoendeshwa ndani ya mashine halisi. Ndani ya mashine pepe, CPUID haimfikii prosesa moja kwa moja. Kwenye teknolojia ya Intel ya kugawa mashine, amri hiyo hukatizwa kila inapotolewa, na programu inayogawa mashine ndiyo hujibu kwa niaba ya prosesa, ikisema inachotaka kusema. Kama aliyeunda mashine yenu aliacha aina ya prosesa iwe kvm64, jina mtakaloliona ni “Common KVM processor”, na AVX haitatajwa hata kama prosesa halisi iliyo chini inayo. Mwombe msimamizi abadilishe aina iwe “host”, azime mashine pepe kabisa, kisha aiwashe. Kuiwasha upya kutoka ndani mara nyingi hakutoshi.

Mwambie msimamizi pia jambo ambalo hukuuliza. Aina ya “host” huonyesha sifa zote za prosesa iliyopo, na kwa hiyo mashine pepe haiwezi kuhamishwa ikiwa inawaka kwenda kwenye seva ya prosesa ya zamani zaidi bila hatari ya kuanguka. Wenye seva za rika tofauti huchagua kiwango kinachofaa zote.

Viwango hivyo vina majina, na majina yenyewe yanawachanganya watu. Mwaka 2020 sifa za prosesa za x86 ziligawanywa katika ngazi nne, kuanzia x86-64-v1 hadi v4. RHEL 9, Linux ya kampuni ya Red Hat, inahitaji angalau v2. RHEL 10, iliyotoka mwaka 2025, inahitaji v3, ambayo ndani yake mna AVX2. Sasa tazama seva za mitumba zilizojaa huku kwetu: Xeon E5-2670 ya kwanza na E5-2670 v2 zina AVX lakini hazina AVX2, kwa hiyo haziwezi kuendesha RHEL 10. E5-2670 v3 inayo. Ile “v2” iliyo kwenye jina la Xeon ni kizazi cha bidhaa na haina uhusiano wowote na x86-64-v2. Kwenye Linux yenye glibc (maktaba kuu ya mfumo) 2.33 au zaidi, andika /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help, na mwishoni utaorodheshewa ngazi ambazo mashine yako inazimudu. Fanya hivyo kabla ya kupakua mfumo wa gigabaiti kumi kwa bando lako.

Programu yetu ya Java inaendeshwa kwenye kontena lenye ukomo wa RAM 2GB na prosesa mbili, kwenye seva ya 64GB na nyuzi 32. Inauawa bila ujumbe wa maana, msimbo 137. Ndani ya kontena amri ya free inaonyesha 64GB. Docker imeharibika? (Mtengeneza programu, Mbeya)

Docker, programu inayoendesha kontena, ni nzima. Kontena ndilo mnalolielewa vibaya, na si wewe peke yako, kwani kila ofisi ya programu ninayoingia mjini hapa nakuta mtu anayeliona kontena kama mashine ndogo. Kontena ni mchakato wa kawaida uliowekewa mipaka. Kerneli ni ile ile ya seva, na mafaili ya /proc/meminfo na /proc/cpuinfo husema habari za seva nzima, kwa kuwa hakuna aliyeyaagiza yaseme vingine. Amri ya free husoma /proc/meminfo. Imekwambia kweli, isipokuwa ni kweli ya seva wala si ya kontena lako.

Mipaka yenyewe imeandikwa mahali pengine, kwenye cgroup, sehemu ya kerneli inayoiwekea michakato mipaka. Kama seva yenu inatumia cgroup toleo la 2, ingia ndani ya kontena ukasome /sys/fs/cgroup/memory.max na /sys/fs/cgroup/cpu.max. Faili la pili litakuwa na namba mbili, “200000 100000”. Maana yake ni kwamba katika kila mikrosekunde 100,000 mnaruhusiwa kutumia mikrosekunde 200,000 za prosesa, yaani sawa na prosesa mbili. Hamkupewa prosesa mbili maalumu. Mmepewa muda, na muda huo unaweza kutumiwa na nyuzi zote 32 kwa mara moja na kumalizika mapema, kisha programu nzima ikasimamishwa hadi kipindi kipya kianze. Ndiyo maana programu yenye nyuzi nyingi ndani ya kontena dogo huenda kwa kukatakata hata wakati ambapo seva yenyewe imetulia.

Sasa turudi kwenye kifo. Java isipoambiwa kitu huchukua robo ya RAM inayoiona kuwa ukomo wa hipu yake, yaani RAM ya kuwekea data za programu. Ikiona 64GB, itajipa 16GB, itaendelea kukua, itagonga 2GB, na kerneli itaiua kwa ishara namba 9. Jumlisha 128 na 9, ndiyo 137 yako. Java haikupata nafasi ya kuandika ujumbe kwa sababu ishara hiyo haimpi mchakato muda wa kuaga.

Utaniambia kwamba Java za kisasa zinaitambua mipaka ya kontena. Ni kweli, kuanzia JDK 10 (toleo la 10 la Java) ya mwaka 2018, na utambuzi huo ukarudishwa kwenye Java 8 kuanzia 8u191. Mtego ni kwamba utambuzi huo ulikuwa wa cgroup toleo la 1. Ubuntu 22.04 na Debian 11 hutumia toleo la 2, na Java iliyaelewa mafaili ya toleo hilo kuanzia JDK 15, kisha 11.0.16 na 8u372. Kwa hiyo Java 8 ya kati, tuseme 8u292, ilifanya kazi vizuri kwenye seva yenu ya zamani, mkahamia Ubuntu mpya, na ghafla ikarudi kuona seva nzima bila kubadilisha hata mstari mmoja wa programu. Nashuku hicho ndicho kisa chenu. Hamieni Java mpya, kisha wekeni -XX:MaxRAMPercentage au -Xmx kwa makusudi, mkikumbuka kwamba hipu si matumizi yote ya Java. Acheni nafasi kwa nyuzi na mengineyo. Kwa Java 11 na kuendelea, amri ya java -XshowSettings:system -version itawaonyesha mipaka inayoiona.

Msiishie kwa Java. Nginx yenye worker_processes auto huhesabu prosesa za seva, na ndani ya kontena lenu itaanzisha wafanyakazi 32. Python hufanya vivyo hivyo kwa os.cpu_count(). Go ilianza kuheshimu ukomo wa muda wa prosesa katika toleo la 1.25 la mwaka 2025, na kabla ya hapo ilihesabu zote. Maoni yangu ni kwamba neno “auto” halifai kabisa katika faili la mipangilio ya kontena. Andika namba.

Tuna seva ya RAM 64GB kwa ajili ya chama chetu cha akiba na mikopo, lakini hifadhidata ya MySQL inatumia kidogo sana. Kwa nini haitambui RAM iliyopo? (Mhasibu, Tukuyu)

Kwa sababu hakuna aliyeiagiza itambue. MySQL hujiwekea akiba ya RAM ya InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, ya megabaiti 128 tu, iwe kwenye kompyuta ya mkononi au kwenye seva yenu, na PostgreSQL nayo huanza na shared_buffers ya megabaiti 128. Aliyewasakinishia alipaswa kuweka innodb_buffer_pool_size kulingana na mashine. Kuanzia MySQL 8.0 kuna kigezo innodb_dedicated_server kinachopima RAM na kujipangia chenyewe, lakini kama seva hiyo hiyo ndiyo inayobeba mfumo wenu na barua pepe, msikiguse, kwani hujipangia kana kwamba mashine nzima ni yake. SQL Server ina tabia ya kinyume: huchukua hadi ikatazwe, kwa kuwa ukomo wake wa kawaida ni megabaiti 2,147,483,647, yaani hakuna ukomo.

Barua yako ilikuwa na kiungo cha ukurasa wa phpinfo ulio wazi kwa dunia nzima kwenye seva hiyo hiyo ya chama. Nimekiondoa. Ukurasa huo unatangaza toleo la kerneli, matoleo ya programu, njia za mafaili na vigezo vya mazingira, na yote hayo ni msaada kwa mtu anayetafuta mlango. Ufuteni leo, kisha mtazame kama kuna programu ya kupima seva iliyoacha mlango wake wazi pia; node_exporter, kwa mfano, husikiliza kwenye mlango 9100 na humweleza yeyote anayeuliza kila kitu kuhusu mashine. Fedha za wanachama haziwekwi kwenye seva inayojitangaza hivyo.

Kwenye Raspberry Pi ya shule yetu, /proc/cpuinfo haionyeshi jina la prosesa bali namba tu. (Mwalimu, Njombe)

Prosesa za ARM hazina CPUID ya aina ya Intel wala jina refu la kusomwa. Zina rejista yenye namba ya mtengenezaji na namba ya aina. “CPU implementer 0x41” ni herufi A katika ASCII, yaani ARM yenyewe. “CPU part 0xd08” ni Cortex-A72, ile ya Raspberry Pi 4, na 0xd0b ni Cortex-A76 ya Raspberry Pi 5. Mwalimu, tumia lscpu: ina orodha ya namba hizo na itakutafsiria. Kama haikutafsirii, basi toleo lake ni la zamani kuliko prosesa yenyewe.

Njombe ni baridi. Je, kuna haja ya kupoza chumba cha seva? Programu ya sensors inaonyesha nyuzijoto 78 wakati wa kazi. (Msomaji wa Njombe)

Nyuzijoto 78 wakati wa kazi si hatari kwa prosesa nyingi. Ila ujue unachokisoma. Kipimajoto cha ndani ya prosesa za Intel hakisemi joto. Husema ni nyuzijoto ngapi zimebaki kabla ya kufikia ukomo wa prosesa hiyo, na kiendeshi huchukua ukomo na kutoa. Kama ukomo ni 100 na prosesa imesema zimebaki 22, unaandikiwa 78. Kwenye prosesa za zamani sana kiendeshi kilikuwa kikikisia ukomo huo, kwa hiyo joto lote lililoandikwa lilikuwa la makisio.

Kuhusu chumba, watu wa nyanda za juu tunajidanganya kwa baridi yetu. Seva hupozwa na hewa inayopita, na hewa ya juu ni nyepesi. Feni ile ile kwa mwendo ule ule hubeba joto kidogo kuliko ingebeba Dar es Salaam. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa kupoza na kupasha hewa, kwa seva za kundi A2, ambazo ukomo wake ni nyuzijoto 35, unataka upunguze nyuzijoto moja kwa kila mita 300 juu ya mita 900. Mahali palipo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukomo wako hauzidi sana nyuzijoto 31. Hapo nje huenda pana nyuzijoto 15, lakini seva yako haikai nje: imefungiwa kwenye kijichumba kisicho na dirisha pamoja na betri na mashine ya kutoa nakala. Pima hewa inayoingia mbele ya seva, usipime barazani. Tatizo lako kubwa pengine ni vumbi la kiangazi, na hilo hakuna programu itakayokuripotia hadi feni ianze kupiga kelele.

Nimekodi VPS (seva pepe ya kukodi) yenye “prosesa 4” za jina kubwa, lakini ni nzito kuliko laptopu yangu. Namwonyesha mtoa huduma lscpu, naye ananijibu kwamba inaonyesha nne. (Msomaji wa Tunduma)

Wote wawili mnasoma kauli ya mtoa huduma na kuitumia kama ushahidi. Idadi na jina vilivyo kwenye lscpu ya VPS vimetoka kwenye programu inayogawa mashine. Endesha top wakati wa uzito na utazame namba iliyo mbele ya “st”. Hiyo ni asilimia ya muda ambao prosesa yako ilitaka kufanya kazi na seva mama ikawapa wengine. Ikikaa juu ya kumi kwa muda mrefu, umewekwa kwenye seva iliyouzwa kupita uwezo wake. Nakili namba hizo kwa saa tofauti za siku, mtumie, na usibishane naye juu ya lscpu. Asipokuhamisha, hama wewe.

Tumeuziwa mfumo wa duka ambao leseni yake imefungwa kwa “namba ya kipekee ya prosesa”. Tumenunua kompyuta ya pili ya aina ile ile, na mfumo umekubali leseni ya kwanza. Je, namba zinaweza kufanana? (Mfanyabiashara, Vwawa)

Zinafanana kwa sababu si namba za kipekee, na aliyewauzia mfumo hakujua anachokisoma. Namba anayoitumia ni ProcessorId ya Windows, mathalani BFEBFBFF000306C3. Igawanye katikati: nusu ya kulia, 000306C3, ni sahihi ya familia na modeli, na hapa inaonyesha Intel ya kizazi cha Haswell, nusu ya kushoto ni orodha ya sifa, kila biti ikiwa na maana yake. Kompyuta za mezani za kizazi hicho zisizo na idadi zitatoa namba hiyo hiyo, Core i5 na Core i7 pamoja.

Namba ya kipekee ya prosesa iliwahi kuwepo. Intel iliiweka kwenye Pentium III mwaka 1999, watetezi wa faragha wakapiga kelele kwamba itatumika kuwafuatilia watu, na prosesa zilizofuata hazikuwa nayo. Tangu hapo kinachotafutwa zaidi ni UUID (namba ndefu ya utambulisho) ya mashine iliyo kwenye jedwali la SMBIOS, nayo imeandikwa kiwandani na watu wale wale wanaoacha “To Be Filled By O.E.M.”, zipo mbao nyingi zinazotoa UUID moja, 03000200-0400-0500-0006-000700080009, kana kwamba ni mashine moja duniani.

Leo kosa hilo limewapa leseni ya bure, lakini msifurahi. Mfumo huo huo utawafungia duka siku mtakapobadilisha kompyuta iliyokufa kwa ya kizazi kingine, na kama mtengenezaji wake alizipata taarifa hizo kwa amri ya wmic, kompyuta mpya zenye Windows 11 24H2 haziji nayo tena, kwa hiyo mfumo unaweza kukataa kuwaka bila kosa lenu. Mwandikieni sasa mkiwa bado mna mashine nzima, mtake leseni isiyofungwa kwa namba hiyo, na majibu yake yawe kwa maandishi.